Gỏi Cuốn Ikunjwe Mezani, Tena na Mlaji Mwenyewe

Springi roli inayojulikana kwenye harusi na futari za pwani yetu ni ile ya kukaanga, yenye manda za ngano, kabichi na nyama ya kusaga. Wavietnam nao wanayo ya kukaanga, ambayo watu wa kusini huiita chả giò na wa kaskazini nem rán, lakini pamoja nayo wana nyingine isiyogusa mafuta kabisa. Hiyo ni gỏi cuốn: karatasi nyembamba ya mchele iliyoloweshwa kidogo, ambayo ndani yake huwekwa kamba waliochemshwa, vipande vya nyama ya nguruwe, tambi nyeupe za mchele, saladi na majani ya kunukia, kisha ikakunjwa na kuliwa bila kupashwa moto, kwa kuchovya kwenye mchuzi. Siku hizi maelekezo ya kuiandaa nyumbani yamejaa mitandaoni, na mengi yake humtaka mpishi akunje zote mapema, azipange kwenye sinia, azifunike, halafu awasubiri wageni wake. Mimi sikubaliani na utaratibu huo. Kwa maoni yangu, gỏi cuốn ya nyumbani inapaswa kukunjwa mezani, wakati wa kula, na kila mtu ajikunjie yake. Kazi ya mpishi ni kuosha, kuchemsha, kukata na kuandaa mchuzi, na baada ya hapo akae ale pamoja na wenzake.

Najua kwamba huko inakotoka, hasa kusini katika Jiji la Ho Chi Minh, gỏi cuốn huuzwa mitaani ikiwa imeshakunjwa. Lakini mwenye kibanda hukunja chache chache kadiri wateja wanavyofika, na mteja huila palepale au muda mfupi baadaye. Mazingira ya nyumbani ni tofauti, na Wavietnam wenyewe wanalijua hilo, kwani nchi yao ina ukoo mzima wa vyakula vinavyokunjwa na mlaji. Katika delta ya Mto Mekong, samaki wa maji baridi aitwaye cá lóc hufukiwa kwa mabua makavu ya mpunga na kuchomwa, akaletwa mezani mzima, na kila mmoja akawa anamnyofoa kidogo kidogo na kumkunjia ndani ya karatasi ya mchele pamoja na majani. Kuna bò nhúng dấm, ambayo ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba sana, ambavyo mlaji mwenyewe huvichovya kwenye supu ya siki inayochemka katikati ya meza kisha akavikunja. Mji wa Đà Nẵng nao una sifa ya nyama ya nguruwe ya kuchemsha inayoletwa na bunda la karatasi na mlima wa majani. Katika vyakula vyote hivyo hakuna anayekunja kwa niaba ya meza nzima, na sioni kwa nini ndugu yao gỏi cuốn, akiingia nyumbani, atendewe vingine.

Sababu yangu ya kwanza imo ndani ya karatasi yenyewe, na inafaa kuielewa kabla ya kununua chochote. Karatasi ya mchele, au bánh tráng kwa jina lake, hutengenezwa kwa uji mwepesi wa mchele uliosagwa na maji. Mtengenezaji huumimina uji huo juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye mdomo wa sufuria ya maji yanayochemka, akausambaza kwa mgongo wa upawa hadi uwe duara, akaufunika kwa muda mfupi uive kwa mvuke, halafu akauinua kwa kijiti na kuutandaza juu ya chanja za mianzi ili ukauke juani. Ile michirizi inayokatana unayoiona ukiinua karatasi kavu kwenye mwanga ni alama ya chanja hizo, ingawa viwandani siku hizi huigizwa tu. Mkoa wa Tây Ninh, kaskazini-magharibi mwa Jiji la Ho Chi Minh, ni maarufu kwa kazi hii, na katika mji wa Trảng Bàng hutengenezwa aina ya pekee ambayo baada ya kukauka hubanikwa kidogo motoni kisha huachwa nje usiku ipate umande, ikawa laini kiasi cha kukunjika bila kuloweshwa hata tone la maji.

Kwa hiyo karatasi inapokufikia wewe imekwisha kuiva. Maji unayoichovya hayaipiki. Yanairudishia unyevu tu, na ndiyo maana maji ya kawaida au ya uvuguvugu yanatosha, ilhali ya moto huifanya inate kama gundi. Wanga wa mchele ulioiva na kupoa una tabia ambayo kila mtu aliyewahi kuonja wali wa jana kutoka kwenye jokofu ameiona: chembe zake hushikana upya na kuwa ngumu. Gỏi cuốn iliyokunjwa saa tatu kabla ya chakula na kuwekwa kwenye jokofu hupatwa na jambo lilo hilo. Karatasi iliyokuwa laini na yenye kunyumbulika inakuwa kama ngozi, tambi za ndani zinakatika vipande vikavu, na pale ambapo roli mbili zimegusana unakuta zimeshikana, ukizitenganisha moja inachanika na kumwaga vilivyomo. Ukiziacha nje bila kuziweka kwenye baridi, kingo zinakauka, tango linatoa maji, nanaa inasinyaa na kuwa nyeusi, na kamba waliochemshwa hawapaswi kukaa kwenye joto la pwani kwa zaidi ya saa moja au mbili. Kitambaa chenye unyevu, ambacho ndicho dawa inayopendekezwa na wengi, hupunguza ukavu wa kingo tu. Hayo mengine hakiyagusi.

Mezani matatizo yote hayo hayana nafasi, kwa kuwa kati ya kukunjwa na kuliwa hupita dakika moja. Kinachotakiwa ni bakuli pana la maji kwa kila watu wawili au watatu, na upana huo si jambo la hiari: karatasi za kawaida zina kipenyo cha sentimita 22, hivyo sahani ya supu haitoshi. Mlaji huchukua karatasi moja kavu, akaizungusha majini ukingo baada ya ukingo kwa sekunde tatu nne, na kuitoa ikiwa bado ngumu, ngumu kiasi cha kumfanya asiamini kwamba iko tayari. Hapo ndipo wengi hushindwa kuvumilia, wakairudisha majini hadi ilegee kabisa, na ikifika kwenye sahani inajikunja yenyewe na kushikana isiweze kufunguka tena. Iliyotolewa mapema huendelea kunywa maji iliyobaki nayo juu yake, na wakati mlaji anachagua majani yake inakuwa laini bila kuteleza mkononi.

Jani la saladi hutangulia, likalazwa kwenye theluthi ya karatasi iliyo karibu na tumbo la mlaji, na tambi hufuata juu yake, kiasi kidogo kuliko anachokitamani, kwa sababu ncha za tambi hutoboa karatasi na jani la saladi ndilo linaloikinga. Kisha nanaa na majani mengine, kipande chembamba cha tango na nyama kama ipo. Ukingo wa karibu huinuliwa na kufunika vitu hivyo, vidole vikavivuta nyuma ili visiache nafasi ya hewa, halafu pande mbili za kushoto na kulia zikaingizwa ndani. Sasa, kwenye sehemu ya karatasi iliyobaki wazi, hulazwa vipande vitatu vya kamba waliopasuliwa kwa urefu, upande mwekundu ukiangalia chini, pamoja na ubua mmoja au miwili ya hẹ, majani membamba ya jamii ya kitunguu, yakiachwa yachungulie nje kwa ncha moja. Ikiviringishwa mpaka mwisho karatasi hujifunga yenyewe, bila yai wala uji wa unga, na wekundu wa kamba unaonekana kupitia utando ule mwembamba. Mtoto wa miaka saba anaweza kulifanya, na ya kwake ikitoka imepinda au imevimba upande mmoja, ladha haipungui.

Kuhusu ununuzi wa karatasi nitasema kidogo. Katika miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi hupatikana kwenye maduka ya bidhaa za Asia, na ndugu zetu walioko Ulaya, Ghuba na Marekani huzikuta kirahisi zaidi. Soma maelezo ya pakiti: zipo za mchele mtupu na zipo zilizochanganywa na wanga wa muhogo. Zenye muhogo hunyumbulika na kung'aa zaidi, hazichaniki ovyo, na kwa meza yenye watu wasiozoea ndizo ninazozipendekeza, ijapokuwa za mchele mtupu zina ladha bora.

Majani ndiyo yanayostahili kuzungumziwa kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo gỏi cuốn nyingi za nyumbani huharibika bila mtu kujua. Wengi wetu tumezoea kuiona nyama ndiyo chakula na majani kuwa pambo, basi tunajaza kamba na tambi, tunatia karoti na kabichi ili kuongeza wingi, na kumalizia na majani mawili ya nanaa kwa ajili ya picha. Wavietnam hufanya kinyume. Kwenye meza zao sahani kubwa kuliko zote ni ya majani, na ndani yake utakuta nanaa, tía tô yenye jani la kijani juu na zambarau chini, húng quế ambayo ni mrehani wao wenye harufu ya kukaribia bizari tamu, rau răm yenye ukali wa pilipili, na diếp cá ambayo harufu yake ya samaki huwashinda wageni wengi. Mlaji hachukui yote kwa pamoja. Katika roli moja anatia haya, katika nyingine yale, na kila tonge linakuwa tofauti na lililotangulia, jambo ambalo sinia lililopangwa na mpishi mmoja haliwezi kulitoa hata kidogo.

Nasi hatuna sababu ya kulalamika kwamba tía tô haipatikani sokoni kwetu. Nanaa ipo kila mahali, giligilani ipo, majani ya kitunguu yapo, na mrehani unaooteshwa uani Lamu, Mombasa na Unguja kwa ajili ya vikuba na asmini ni wa spishi moja na ile húng quế ya Vietnam. Tofauti ya harufu ipo, ila ni ndugu wa damu. Tumeuzoea mrehani kama manukato zaidi kuliko mboga, na nadhani gỏi cuốn ni nafasi nzuri ya kuuingiza mdomoni. Muhimu ni kuyaosha majani kwa maji safi ya kunywa, kuyakung'uta na kuyakausha vizuri kwa kitambaa, kwa kuwa yataliwa mabichi na kwa kuwa jani lenye maji huilegeza karatasi. Tambi nazo zikishachemshwa zisuuzwe kwa maji baridi na ziachwe kwenye chujio nusu saa nzima. Tambi zenye maji zimechana karatasi nyingi kuliko vidole vizito.

Nyama ya nguruwe inayotumika Vietnam ni ya tumbo, iliyochemshwa na kukatwa vipande vyembamba sana, na kwa nyumba nyingi za pwani haiingii mlangoni. Hilo lisimfanye mtu aone kwamba anakula chakula nusu. Ndani ya Vietnam yenyewe wamo Waislamu wa kabila la Cham, hasa katika jimbo la An Giang karibu na mpaka wa Kambodia, ambao mapishi yao hutumia nyama ya ng'ombe mahali pa nguruwe. Na wako pia Wabudha wasiokula nyama siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, ambao hukunja gỏi cuốn chay kwa tofu, uyoga na mboga. Kamba peke yao wanatosha kabisa. Wachemshwe wakiwa na maganda, kwa dakika mbili tatu tu, mpaka wabadilike rangi, na ndipo wamenywe na kupasuliwa. Kusini mwa Vietnam kuna desturi ya kuwaivisha kamba kwa maji ya nazi changa, na kwa sisi wenye madafu kila kona ya mtaa ni aibu kuwachemsha kwa maji ya bomba.

Mchuzi ndio unaotoa chumvi, uchachu na utamu wote, kwa kuwa ndani ya karatasi hakuna kilichokolezwa. Kwa gỏi cuốn watu wa kusini hupendelea mchuzi mzito wa maharage ya soya yaliyochachushwa, unaopikwa na kitunguu saumu na kumwagiwa karanga zilizokaangwa na kupondwa. Korosho nazo zinafaa, na hapo kuna kichekesho kidogo, kwani korosho ghafi za Mtwara na Lindi husafirishwa kwa wingi kwenda Vietnam na India kubanguliwa. Mimi napendelea ule mwepesi, nước chấm, unaotokana na mchuzi wa samaki, nước mắm. Nước mắm bora hutoka Phan Thiết na kisiwa cha Phú Quốc, ambako cá cơm, samaki wadogo wa jamii ya dagaa mchele wetu, hupangwa na chumvi kwenye mapipa makubwa ya mbao na kuachwa kwa takriban mwaka mzima hadi watoe kimiminika chenye rangi ya kahawia iliyo angavu. Jina la Phú Quốc lilisajiliwa kulindwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2012. Kijiko kimoja cha nước mắm, kimoja cha maji ya ndimu, kimoja cha sukari na vitatu au vinne vya maji, pamoja na kitunguu saumu na pilipili vilivyokatwakatwa, vinatosha watu wawili kuanzia. Anayetaka kuitia ukwaju badala ya ndimu asiogope kuambiwa kwamba amebuni kitu kigeni, maana mchuzi wa nước mắm na ukwaju upo Vietnam. Tomato sosi na mayonezi, kwa upande mwingine, zibaki na chipsi.

Kwa vile kila mmoja ana kibakuli chake, anayependa pilipili kali huongeza, na mwenye kuugua vidonda vya tumbo huiacha, wala hakuna anayelazimika kuuliza kilichomo ndani ya roli kabla ya kuuma. Mtu asiyeweza kula kamba kwa sababu ya mzio anakula salama zaidi akijikunjia mwenyewe, mradi bakuli lake la maji na sahani yake visichanganywe na vya wengine. Hii ni faida ambayo wenye kupenda sinia lililopambwa hawaitaji.

Pingamizi ninalolisikia mara kwa mara, na ambalo lina uzito kwetu, ni la adabu. Mgeni huandaliwa, huletewa maji ya kunawa, hukaribishwa na kusihiwa ale. Utamwitaje mtu nyumbani kwako kisha umpe karatasi kavu na bakuli la maji ajihangaikie? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hapa anapewa jembe kabla hajamaliza kuvua viatu. Nalielewa pingamizi hilo, lakini nadhani limekosea kuhusu jinsi mgeni anavyotendewa. Mwenyeji anayekunja roli thelathini jikoni hukosa mazungumzo, na akitoka huko huwa amechoka, huku wageni wakiogopa kuharibu mpangilio wa sinia lake. Kwenye meza ya kukunja, mwenyeji yuko miongoni mwao tangu mwanzo, anamkunjia mkwe wake roli ya kwanza kwa mikono miwili kama heshima inavyotaka, anamsaidia bibi ambaye vidole vyake vinauma, anamwonyesha kijana wa jirani mahali pa kuanzia, na baada ya dakika kumi kila mmoja amekuwa fundi anayemkosoa mwenzake. Sisi tuliolelewa kwa kula sinia moja la pilau kwa mkono hatupaswi kuona ugeni katika hilo.

Sikatai kwamba zipo shughuli ambazo utaratibu huu hauziwezi. Hafla ya watu mia wanaokula wamesimama haifai, wala chakula cha kubeba kazini. Kwa hizo springi roli ya kukaanga, au sambusa, ni chaguo la busara zaidi kuliko gỏi cuốn iliyolala kwenye jokofu. Watu wanne hadi wanane kuizunguka meza moja ndicho kiasi kizuri, na zaidi ya hapo mabakuli ya maji huanza kugombaniwa.

Faida nyingine huonekana chakula kikiisha. Roli zilizokunjwa na kubaki hazina matumizi kesho yake, ila vitu vilivyobaki vikiwa mbalimbali vina maisha ya pili. Kamba na majani viingie kwenye jokofu kila kimoja kwenye chombo chake. Kesho yake mchana tambi zimwagiwe maji yanayochemka na kuchujwa papo hapo ili zirudie ulaini, zitiwe kwenye bakuli, juu yake majani yaliyochanwa kwa mkono, kamba, karanga zilizopondwa na nước chấm iliyobaki. Wavietnam wana mabakuli mengi ya tambi za namna hiyo. Karatasi ambazo hazikuloweshwa zirudishwe kwenye pakiti yake na kufungwa vizuri zisipate unyevu, na zitakaa kabatini miezi mingi bila kuharibika.